"MLANGO HAUKUVUNJWA" SI USHAHIDI



Kuna maneno mawili yanayowafukuzisha kazi walinzi na wafagiaji katika majumba ya biashara ya miji yetu: "Mlango haukuvunjwa." Asubuhi ofisi inakutwa imeibiwa, kitasa ni kizima, kioo ni kizima. Meneja wa jumba hutazama mlango, kisha humtazama mlinzi aliyebeba funguo, na kesi imekwisha. Mwenye ufunguo ndiye mwizi! Sisi twasema hapana. Maneno hayo si ushahidi, na mkosa wa kwanza ni yule aliyepanga funguo za jumba bila kufikiri na bila kuwauliza watu wanaozibeba.

Tuanze na kitasa chenyewe, maana mfanyakazi asiyekijua chombo anachobebeshwa hawezi kujitetea.

Chukua jumba la orofa 8, kila orofa vyumba 12. Hiyo ni milango 96. Hakuna mlinzi awezaye kuzunguka usiku na funguo 96. Basi mwenye jumba huagiza vitasa vya mpango: kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake tu, kila orofa ina ufunguo wake ufunguao vyumba vyote 12, na juu yao uko ufunguo mkuu, ule ambao wengine huuita ufunguo malaya, ufunguao milango yote 96. Hatuupingi mpango huo. Moto ukizuka au bomba likipasuka usiku, lazima mtu aweze kuingia upesi. Lakini urahisi huo una bei yake, na wanaoilipa ni sisi.

Ndani ya kitasa cha kawaida mna pini ndogo, mara nyingi 5, zinazosukumwa na springi. Kila pini imekatika mahali pamoja. Ufunguo ulio sawa huziinua zote mpaka pale zilipokatika palingane, na kitasa huzunguka. Ili kitasa kimoja kikubali funguo mbili, wa mpangaji na ule mkuu, fundi huongeza kipande kidogo katika kila pini, na sasa kila pini hukubali vimo viwili badala ya kimoja. Fanyeni hesabu: 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2 ni 32. Mlango uliotakiwa kufunguliwa na funguo mbili sasa waweza kufunguliwa na funguo za michongo 32. Ukiongeza na ufunguo wa orofa, hesabu yaweza kupanda zaidi.

Tena kuna jambo ambalo mabwana hawapendi lisemwe. Mwaka 2003 mtaalamu wa Marekani, Matt Blaze, alitangaza maandishi yaliyoonyesha ya kuwa, katika vitasa vya kawaida vya namna hiyo, mtu mwenye ufunguo wa mlango mmoja tu aweza kuugundua mchongo wa ufunguo mkuu wa jumba zima, kwa kukijaribu kitasa chake mwenyewe na funguo chache zisizochongwa bado. Havunji kitu. Hamwibii mlinzi. Wako mafundi wa vitasa waliosema ya kuwa hila hiyo waliijua zamani.

Basi katika jumba letu la milango 96, kila mpangaji, na kila karani wake, na kila aliyehama na ufunguo mfukoni, aweza kuwa na ufunguo mkuu bila mtu kujua. Sasa mabwana watujibu: ikiwa mlango haukuvunjwa, kwa nini atafutwe mtu mmoja tu, yule mwenye mshahara mdogo kuliko wote?

Na hayo ni ya hila. Ya uzembe ni mengi zaidi. Meneja ana ufunguo mkuu, wakala wa kodi anao, fundi wa lifti aliazimwa, mpaka rangi aliazimwa, na hakuna daftari linaloonyesha nani alichukua lini na kama alirudisha. Mchongaji wa barabarani huchonga mwingine kwa dakika chache wala haulizi jina. Ufunguo mkuu ukipotea, iliyo haki ni kubadili vitasa vyote 96. Lakini gharama ni kubwa, basi tajiri hunyamaza, na vitasa hubaki vile vile. Miaka inapita, siku ya wizi anaitwa mlinzi. Hata majumba mapya yenye kadi za umeme hayajapona, maana wafagiaji 6 hupewa kadi moja, na mashine huandika jina moja.

Wazee wetu walivalishwa kipande shingoni, ndani ya kibati, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1915. Kipande kimekwisha. Lakini rundo la funguo lisilo na maandishi ni kipande kingine: mwenye kulibeba hushukiwa kila siku, naye hana karatasi ya kumtetea.

Mabwana watasema chama kinatetea wezi. Mwizi akithibitishwa, hatuna neno naye. Tunalolikataa ni mtu kuhukumiwa na kitasa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema ya kuwa mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha sababu ya kumfukuza mtu. Ya kuwa mfanyakazi anayeshtakiwa kwa kosa lazima asikilizwe kwanza, pamoja na mwenzake au mwakilishi wa chama kazini. Na ya kuwa mali ikipotea mshahara haukatwi ila kwa kosa alilolitenda mfanyakazi kwa makusudi. Hakuna mahali inaposema, "Mlango haukuvunjwa, basi katwa mshahara."

Na iko milango ambayo mtu aliye ndani hapaswi kuhitaji ufunguo kabisa. Mwaka 1911, katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, mlango ulikuwa umefungwa, moto ukazuka, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wafanyakazi. Hapa kwetu, mwaka 2001, walikufa wanafunzi 67 katika bweni la Kyanguli, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka milango ya mahali pa kazi iweze kufunguliwa upesi kwa ndani wakati watu wamo. Mpango wa funguo unaowafungia wafagiaji wa usiku ndani ya orofa si ulinzi, ni kaburi.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Kabla ya kuagiza vitasa, mwenye jumba aketi na wawakilishi wa walinzi, wafagiaji na mafundi, hata kama wameajiriwa na kampuni nyingine.

2. Mtu apewe ufunguo wa kazi yake, usizidi. Mfagiaji wa orofa ya 3 asibebeshwe jumba zima.

3. Ufunguo mkuu ukae ndani ya sanduku lililofungwa, na kila anayeuchukua atie sahihi katika daftari, meneja kwanza.

4. Vitasa viwe vya namna ambayo ufunguo wake hauchongwi barabarani, bali kwa barua ya mwenye jumba tu.

5. Ufunguo mkuu ukipotea, vitasa vibadilishwe kwa gharama ya mwenye jumba.

6. Hakuna mlango wa kutokea utakaohitaji ufunguo kwa ndani.

Ndugu, usipokee funguo bila kutia sahihi, wala usirudishe bila kutiliwa sahihi. Ukinyimwa daftari, nunua lako, andika tarehe, saa na idadi ya funguo, na mwenzako ashuhudie. Ukiitwa ofisini, usiende peke yako. Mwite mwakilishi wetu. Kidole kimoja hakivunji chawa.