Mnunuzi wa dagaa anatafuta bei, si mapambo ya tovuti

Mfanyabiashara mdogo anapoamua kufungua tovuti, mara nyingi fedha yake ya kwanza huishia kwenye mapambo. Fundi humwekea picha zinazopishana, historia ndefu ya kampuni, na kurasa za "dira yetu" na "dhamira yetu". Miezi sita inapita simu haijaita hata mara moja, naye anabaki akiamini kwamba intaneti ni mambo ya watu wa Dar es Salaam.

Ukweli ni kwamba tovuti hiyo haijibu swali hata moja ambalo mnunuzi anakuja nalo. Tumchukue mfanyabiashara wa dagaa wa Guta, wilayani Bunda. Mnunuzi wake anaweza kuwa Dodoma, au ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Mtu huyo anataka kujua kama mzigo upo, gunia lina kilo ngapi, bei ya leo ni shilingi ngapi, dagaa wamekaushwa kwenye chanja au mchangani, na nani wa kumpigia. Asipoyapata hayo mara moja, anampigia dalali wake wa Kirumba, Mwanza, kama alivyozoea. Na mtu wa Guta ataendelea kuuza kwa bei anayotajiwa na dalali huyo huyo.

Jambo hili si geni kwa wakulima wetu. Katika miaka ya 2000, chini ya mradi wa First Mile uliosaidiwa na IFAD, wakulima hapa nchini waliteua wenzao walioitwa "shushushu", ambao kazi yao ilikuwa kwenda sokoni kupeleleza bei na mahitaji, kisha kupeleka habari kijijini kwa simu ya mkononi. Habari ilikuwa fupi, ya siku ile ile, na ilitoka kwa mtu anayefahamika. Tovuti ya mfanyabiashara mdogo inatakiwa iwe shushushu wa mnunuzi.

Wapo wanaoogopa kuandika bei wakidai washindani wataiona. Lakini washindani wako wa mwaloni wanaijua bei yako kabla hujanywa chai ya asubuhi. Asiyeijua ni mnunuzi wa mbali, na huyo ndiye unayemtafuta. Andika bei na tarehe yake. Bei isiyo na tarehe ni mbaya kuliko kutokuwa na bei, kwa sababu mteja atakayekuta bei ya mwaka jana ataona duka limefungwa.

Kwa dagaa kuna jambo jingine ambalo sijaona watu wakilitumia ipasavyo, nalo ni kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi hupumzika. Mnunuzi wa mjini halijui hilo. Yeye anaona tu kwamba wiki hii anaambiwa hakuna mzigo, akadhani anadanganywa. Ukiandika kwenye ukurasa wa kwanza "mitumbwi inapumzika kuanzia tarehe fulani, mzigo mpya utakuwa tayari tarehe fulani", atajua siku ya kutuma lori. Vivyo hivyo wakati wa masika, dagaa wanapokosa jua na ubora wao kushuka. Sema wazi kwamba mzigo huu ni wa chakula cha binadamu na ule ni wa chakula cha kuku, kila mmoja na bei yake. Wenye viwanda vya chakula cha mifugo nao ni wateja.

Sasa tuje kwenye maneno, maana mtu hawezi kuingia kwenye tovuti asiyoipata. Mnunuzi hutafuta kwa maneno yake, si kwa maneno yako. Samaki huyu mdogo wa Ziwa Victoria Mkenya humwita omena, Mganda humwita mukene, na mtu wa Dar es Salaam humwita "dagaa wa Mwanza" hata kama amevuliwa Mara. Maneno yote matatu yawemo katika maelezo yako. Usiongeze ndagala ya Warundi ili kuvuta watu, kwani huyo ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, na atakayefika akute samaki mwingine hatarudi. Hata jina la Guta lenyewe lina mtego. Kwa Watanzania wengi guta ni ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, kwa hiyo anayeandika "dagaa Guta" peke yake anaweza kuchanganywa na wauza vyombo vya usafiri. Andika "Guta, Bunda, mkoa wa Mara", na uweke eneo lako kwenye ramani ya Google, jambo ambalo halina malipo.

Kikwazo kikubwa zaidi ni hofu ya kutapeliwa. Nchi nzima imewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mteja asiyekujua hawezi kutuma fedha ya magunia ishirini kwa sababu tu picha zako zinapendeza. Sajili jina la biashara BRELA, na hakikisha jina linalotokea mteja anapotaka kulipa kwa simu ni lile lile lililo kwenye tovuti. Piga picha za mzigo wako mwenyewe, gunia likiwa juu ya mizani na kilo zikisomeka. Aliyewahi kuumizwa na lumbesa ataiangalia picha hiyo kuliko nyingine zote. Kubali malipo ya awali kidogo, salio likilipwa mzigo ukishakaguliwa. Picha zenyewe ziwe nyepesi, kwani wengi wataifungua tovuti kwenye simu, kwa bando lao.

Wengine watauliza, WhatsApp haitoshi? Inatosha kwa wateja ulio nao tayari. Mgeni hana namba yako. Na anayetegemea soko la mtandaoni la mtu mwingine akumbuke Novemba 2019, Jumia ilipofunga shughuli zake Tanzania. Jina lako mwenyewe, linaloishia na .co.tz, linabaki nawe mradi ulilipie kila mwaka. Lisajiliwe kwa jina lako, si la kijana aliyekutengenezea, maana akihama na nywila huna tovuti.

Si kila mtu anahitaji gharama hii. Mkulima wa pamba anayepeleka mavuno yake AMCOS hatapata mnunuzi mpya kwa tovuti. Mwenye dagaa, sato au mchele, anayepanga bei yake mwenyewe, ndiye ninayemlenga hapa.

Kabla ya kumlipa fundi salio lake, mpe simu mtu asiyejua biashara yako, mwambie atafute bei ya gunia, kilo zake na namba ya kupiga. Zikipita dakika mbili hajaziona, fundi arudie kazi.