Kihamba Kwangu, Himo Kwake

Yamezuka mahubiri mjini Moshi, na wahubiri wake ni watu wazima wenye heshima zao: mzazi anayelea peke yake asikae mjini. Apande Kibosho, Uru au Old Moshi kwenye hewa, migomba na maziwa. Akishindwa, basi Himo au Boma Ng'ombe, asubuhi atapanda Hiace kama wengine. Watoto wa mjini wanaharibika, wanasema. Nimeyasikia kwenye vikao vya harusi, nimeyasikia msibani, na juzi nimeyasikia kwa wahadhiri wenzangu. Nayapinga.

Siyapingi kwa mapenzi ya Pasua au Majengo. Nayapinga kwa kuwa yanamtaka mtu achague, ilhali wahubiri ndio waliomfungia mlango.

Mimi ni baba wa watoto wawili ninaowalea peke yangu tangu mama yao alipofariki. Nilipohamia Moshi kufundisha, ukoo ulikutana Jumapili moja tu, na kabla ya jua kuzama nilikwisha kuoneshwa kipande cha kihamba, masale yamepandwa mpakani. Hakuna aliyeniuliza kama nitaoa tena. Mwenzangu wa idara moja, mama wa watoto watatu, binti wa mlima huuhuu, aliuomba ukoo wake robo ya kile nilichopewa mimi. Akajibiwa kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi: "Mwanetu, wewe utaolewa." Ana miaka 41. Leo amepanga Himo.

Himo ni njia panda na soko kubwa la mahindi. Malori ya kwenda Holili na Taveta hupita hapo mchana na usiku. Hadi Moshi hazifiki kilomita 30. Kwenye ramani si mbali. Lakini Hiace haiondoki mpaka ijae, na konda akimwona mtoto mwenye sare hutazama pembeni, kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Mama huyu huamka saa kumi alfajiri na kurudi saa kumi na mbili jioni. Shule ya msingi humwachia mtoto mchana. Saa zilizo katikati ni za nani? Za jirani, za televisheni, za vijana wa bodaboda. Tumemtoa mtoto mjini eti mji unaharibu, kisha tukamwacha kando ya barabara ya malori bila mzazi. (Watoto hao wana baba, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa na wajibu wa kuwatunza. Hilo nitaliandikia siku yake.)

Huko mlimani mtoto halelewi na hewa. Analelewa na bibi anayempikia mtori, na shangazi aliye upande wa pili wa mfereji, na watu wanaomjua kwa jina la babu yake. Wote hao wamefungamana na ardhi. Ukimnyima mama ardhi umemnyima wasaidizi wote hao kwa mkupuo mmoja, halafu unamshangaa kwa nini analea peke yake.

Wataniambia: hiyo ni mila. Mila ipi? Kihamba kilikuwa cha kukalia na kulia. Leo mlima umejaa nyumba za vyumba sita zinazofungwa Januari hadi Novemba, zikilindwa na mbwa wawili, zikisubiri wenyewe waje Krismasi. Nyumba hizo hazikiuki mila, ila vyumba viwili vya binti karibu na mama yake ndivyo vinavyoikiuka! Na sheria haiko upande wao. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika shauri la Bi Holaria Pastory wa Kagera, alikataa kanuni ya kimila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi. Vikao vya ukoo vimejaa wasomi wanaoyajua haya yote.

Hoja moja naiheshimu: ardhi imekwisha. Ni kweli, vihamba vimegawanywa baba kwa mwana hadi vikawa viraka. Lakini ardhi hiyo iliyokwisha ilipatikana kwa ajili yangu Jumapili moja.

Desemba inakaribia, magari yatapanda mlima na vikao vitakaa. Katika ukoo wetu nimewasilisha ajenda kwa maandishi: mabinti zetu wanaolea peke yao wapewe sehemu, kuanzia na kile nilichopewa mimi, kigawanywe. Mwenyekiti, ambaye ni baba yangu mkubwa, amenijibu kwamba mwaka huu ajenda ni nyingi. Nimemwomba anitajie nyingine.