SELIMUNDU: GHALA TUPU SI KUDURA



Mzazi atoka shamba alfajiri, mtoto mgongoni analia kwa maumivu ya mifupa. Afika hospitali ya serikali, naye ajibiwa: dawa hakuna, kanunue. Haya tumeyaona kwa macho yetu.

Selimundu ni maradhi ya kurithi. Humpata mtoto aliyerithi kwa baba na kwa mama pia, ingawa wazazi wenyewe ni wazima. Chembe zake za damu hupinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa. Si husuda, wala si jini. Dakta Herrick wa Chicago aliyaeleza tangu mwaka 1910. Haidroksiurea, dawa ya kila siku ipunguzayo maumivu hayo, iliidhinishwa Marekani kwa maradhi haya mwaka 1998. Basi ujinga si udhuru tena.

Mimi ni mwenye duka. Sukari ikikaribia kwisha, naagiza kabla gunia halijawa tupu. Nisipoagiza nimezembea, wala sisemi Mungu kapenda. Wagonjwa wa selimundu hawazuki ghafla kama wa kipindupindu: wajulikana kwa majina, na dozi zao zahesabika. Ghala likiwa tupu, wakubwa wamezembea.

Twadai mambo matatu. Kila mtoto apimwe damu azaliwapo. Dawa isikosekane, Unguja na Pemba, wala isiuzwe. Kila wilaya iwe na siku maalumu ya kuwatibu wagonjwa hawa.

Hatuombi sadaka. Kodi zetu wamezipokea kwa amana, na aliyepewa amana hana budi kuirejesha kwa wenyewe.