Mleteni Mwezeshaji Ngarenanyuki

Arusha inajua kukutanisha watu. Kituo cha mikutano cha AICC kipo tangu 1978, Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo, na hoteli za mjini zinaishi kwa semina. Basi hata ulemavu na afya ya akili tumevipeleka hotelini! Bango nyuma ya meza kuu, kalamu, kitini, na karatasi mbili za kusaini: ya mahudhurio na ya posho. Wadau ni wale wale wa mwaka jana.

Nani hayupo? Mama wa Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, mwenye kijana wa kifafa. Ili afike mjini inabidi apite hifadhini, ateremke Usa River, apande gari lingine, na hawezi kumwacha kijana peke yake karibu na mafiga. Kiziwi anaalikwa, mkalimani wa lugha ya alama haalikwi. Mwenye kiti cha magurudumu anabebwa juujuu kwenye ngazi na walinzi, huku mtu anapiga picha za ripoti. Ripoti ya ujumuishi, eti!

Msiniambie hakuna utaratibu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kisheria kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Haukodi ukumbi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 nayo inataka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Ni wangapi kati yenu mnaijua ya kwenu? Ajenda iwekwe pale, kwa Kiswahili, na kwa Kimeru au Kimaasai wazee wakitaka. Muuguzi wa afya ya akili aje na dawa, projekta aiache mjini.

Maana fenobabito, dawa ya kifafa, humezwa kila siku, na ikikatika ghafla degedege hurudi kwa kishindo. Ukimfundisha mama kwamba kifafa si mapepo, halafu zahanati yake haina hata kidonge, umemrudisha kwa mganga. Na mganga, tuseme ukweli, yuko jirani na anakopesha.

Kuna na hili. Mwezeshaji anahimiza: mwenye mawazo ya kujiua aseme, asikae kimya. Aseme wapi, wakati kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai? Majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka Katiba. Huku kwetu tunagawa vitini. Mbunge aitwe kwenye mkutano wa kijiji, aulizwe hadharani ataupeleka lini muswada wa kukifuta.

Kwa hiyo waandaaji wa semina ijayo, futeni ukumbi kwenye bajeti. Andikeni nauli ya mama, malipo ya mkalimani, na dawa za miezi mitatu, hadi mkutano mwingine. Chai mtakunywa kwenu.