Kabla Hujachukua Simu ya Mkopo, Gusa Mipangilio Kwanza

Kuvuka feri kwa miguu ni bure. Matatu ya Mtongwe inayokungoja upande wa Likoni si bure, na hapo ndipo simu ya zamani huamua kukuaibisha. Makanga amenyoosha mkono, abiria wa nyuma wanasukuma, wewe umefungua programu ya pesa na skrini imeganda. Unabonyeza tena. Baadaye kidogo SMS zinaingia mbili. Nauli umelipa mara mbili.

Sisi tunaokuandikia hapa yameshatupata, na jioni yake tulisema unayosema wewe: basi, simu hii imekwisha, nachukua mpya ya lipa mdogo mdogo. Leo maoni yetu ni tofauti. Simu nyingi zinazoitwa mbovu huku Kisauni, Likoni na Changamwe zimejaa na kuchoka tu. Na deni si dawa ya uchovu. Simu nyingi za mkopo hufungwa ukichelewa kulipa, na kwa mama wa mahamri au mtu wa bodaboda, simu ikifungwa malipo ya wateja yatapokelewa wapi?

Anza na nafasi. Simu iliyojaa hukwama hata kwa kazi ndogo. Ingia Mipangilio, fungua Hifadhi, uone nini kinakula nafasi. Kwa wengi wetu ni WhatsApp: video za harusi, salamu za Ijumaa, kila group na picha zake. Zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video, futa zile kubwa, kisha ondoa programu ambazo hujazifungua tangu mwaka jana.

Pili, punguza mbwembwe. Kila unapofungua kitu, dirisha huteleza na kufifia kabla halijatulia. Huo unaitwa uhuishaji, na kwenye simu nzito ndio unaokufanya usubiri. Kwenye Android nyingi unaingia Mipangilio, kisha Ufikivu, halafu Ondoa uhuishaji. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, tafuta Accessibility, kisha Remove animations. Kusema kweli, simu haipati nguvu mpya. Unapunguziwa kusubiri tu. Lakini mkononi utaiona tofauti.

Vijana wa mtaani watakuambia ubonyeze nambari ya muundo mara saba, ufungue chaguo za wasanidi programu, upunguze uhuishaji kutoka 1x hadi 0.5x. Inafanya kazi. Shida ni kwamba baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka chaguo hizo zikiwa wazi. Kwa mtu anayeishi kwa pesa ya simu, njia ya Ufikivu ni salama zaidi.

Tatu, zima simu kabisa na uiwashe tena, angalau mara moja kwa wiki. Ni jambo dogo, lakini simu nyingi hazijawahi kuzimwa isipokuwa chaji ilipoisha.

Sasa, kuna mambo ambayo tunakuomba usiyaguse ukitafuta kasi. Usiondoe PIN ya kufungua skrini eti inachelewesha. Ukiibiwa simu kwenye msongamano wa feri, hizo sekunde mbili ndizo mlango wako wa kwanza. Usipakue programu za "kusafisha simu" kutoka link uliyotumiwa. Nyingine zinakuja na matangazo tele, nyingine zinataka kusoma SMS zako, na SMS ndimo zinamopita namba za siri za kuthibitisha.

Halafu kuna neno linalowatisha watu: Futa akiba. Akiba hapo si pesa zako ulizoweka. Ni mafaili ya muda tu, na kuyafuta hakugusi salio. Lakini kitufe cha jirani yake, Futa data, usikibonyeze kwenye programu ya pesa, maana kinaweza kukurudisha kujisajili upya kwenye simu yako.

Na skrini ikiganda katikati ya malipo, usibonyeze tena. Subiri SMS, au angalia salio na taarifa ya miamala. Ukiwa na haraka, tumia ile menyu ya nyota na reli: haihitaji intaneti wala nafasi, na inafanya kazi hata kwenye kabambe.

Hatusemi simu idumu milele. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android zilizo chini ya 5.0. Simu ikifika mahali haipati tena masasisho ya usalama na programu muhimu zinaikataa, hapo anza kuweka pesa kidogo kidogo ununue nyingine taslimu ukiweza. Hiyo ndiyo akiba ya kweli.

Lakini hiyo ni safari ya miezi. Mipangilio ni dakika kumi tu, unaweza kuibadilisha hata ukiwa kwenye foleni ya feri. Jaribu leo, kisha msaidie mama au jirani ambaye simu yake inahengi. Yeye ndiye wa kwanza kushawishiwa kuchukua ya mkopo.