Sitara Isigeuke Maangamizi



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), wiki hii tuzungumze jambo ambalo mama wengi hulijua na wachache hulitamka.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja alinijia baada ya darsa akaniomba nimsomee mwanawe. Alidai kijana ameingiwa na jini: mchana husinzia akiwa ameketi, hujikuna, hali chakula, na vyombo vya nyumbani vyapotea. Nilimsomea mara tatu, wiki baada ya wiki, nisiulize hata swali moja. Miezi ilipita ndipo nikatambua kuwa kijana alikuwa akivuta unga. Mama alilijua hilo tangu mwanzo, ila aliona haya kulisema mbele ya sheikh. Kosa halikuwa lake peke yake. Nami sikumfungulia mlango wa kusema.

Dada zangu, dini yetu imetuamrisha kusitiriana. Lakini sitara ni kumlinda mtu asifedheheke, si kumwacha aangamie nyuma ya pazia. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Maulamaa wametaja mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mihadarati huyavunja yote.

Basi msaada uko wapi? Kwanza ni madrasa. Muguka na kuberi huanza kama mchezo wa maskani baina ya Alasiri na Maghribi. Saa hizo zikijazwa masomo, mpira au ufundi, muuzaji hukosa mteja. Mpeni mwalimu nambari ya simu, na mtoto akikosekana siku mbili bila udhuru, aulizwe siku hiyo hiyo. Pili ni vyama vyenu vya kina mama: mnaochangiana harusi na matanga hamshindwi kuchangiana habari za watoto wenu, bila ya kusengenyana.

Tatu ni wenye ujuzi. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na mihadarati, ina nambari ya simu isiyotozwa, 1192. Mombasa kuna MEWA, taasisi ya Waislamu, pamoja na Reachout. Malindi kuna Omari Project. Kwa aliyekwisha kutawaliwa na unga, zipo kliniki za methadoni, ya Malindi na ya Kisauni.

Huulizwa: je, methadoni si kilevi kingine? Dawa hii hunywewa mbele ya mhudumu, kwa kipimo cha daktari, ili kumwondolea mgonjwa arosto na kumtenga na unga na sindano. Kanuni ya fiqhi ni kwamba madhara mawili yakikutana, huchaguliwa yaliyo mepesi. Kwa rai yangu, huyo ni mgonjwa anayetibiwa. Asinyanyapaliwe msikitini wala nyumbani.

Yule kijana yu hai, alhamdulillah. Kila asubuhi hunywa dawa yake, kisha huenda kazini. Ile miezi niliyompotezea bado hunikosesha usingizi.

Kisomo hatukiachi. Lakini mkija kwangu, nielezeni kwanza mnachokiona, nami naahidi kuuliza. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.