Kompyuta Inayonyamaza Inakula Siku ya Mhamaji



Leo tunasema juu ya jambo ambalo watu wa maofisi wanaliona dogo: kompyuta inayofanya kazi ndefu bila kusema imefika wapi. Ajenti anabonyeza, kiduara kinaanza kuzunguka kwenye kioo, na shughuli yote inasimama. Nje kuna foleni ya akina mama na wazee, jetoni mkononi. Dakika kumi zinapita, nusu saa, saa nzima. Ukiuliza unajibiwa: "Mashine inafanya kazi, mama, vumilia." Je, kweli inafanya kazi? Hata huyo ajenti hajui.

Tunasema wazi: ukimya huo si tabia ya mashine. Ni uamuzi wa walioandika programu, na wa wale walioilipia na kuipokea bila kuuliza. Na gharama yake haiwaangukii wao.

Kwa mtu wa mshahara, saa moja ya kungoja ni saa ya kazi, atalipwa tu. Kwa mama aliyekimbia kijiji chake, saa hiyo ni bidoni ya maji, ni kibarua cha kufua, ni makala ambayo hayakuuzwa. Akiambiwa kwamba bado saa mbili, ataenda kutafuta chakula cha watoto na kurudi. Asipoambiwa kitu, hathubutu kutoka, maana jina lake linaweza kuitwa wakati wowote. Habari moja fupi ingemfungua. Kwa kuikosa, anafungwa pale juani mpaka jioni.

Sasa, kwa nini mashine inanyamaza? Tueleze bila maneno ya kitaalamu. Fikirini dukani pa dawa ambapo muuzaji ni mmoja. Mtu akiagiza dawa iliyo mbali, muuzaji anaingia stoo, na dirishani habaki mtu. Mnaita, hakuna anayeitika. Programu nyingi zimeandikwa hivyo hivyo: sehemu inayoongea na mtu kwenye kioo ndiyo hiyo hiyo inayobeba mzigo wa kazi. Ikienda kusoma majina elfu moja, kioo kinaganda. Dawa ya ugonjwa huu inajulikana: mmoja aende stoo, mwingine abaki dirishani akitangaza, "Tumefika 300, yamebaki 700."

Hatuombi miujiza. Zana za kufanya hivyo wameshapewa waandishi wa programu zamani. Microsoft iliweka chombo cha namna hiyo katika .NET mwaka 2005, kikiwa na njia tayari ya kuripoti asilimia ya kazi iliyokwisha. Java ikaweka chake mwaka 2006. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye haki ya kupiga kura. Mtu asituambie kwamba teknolojia hiyo bado haijafika kwetu.

Na hasara haiishii kwenye kungoja. Kwenye Windows, programu isipoitika kwa sekunde 5 hivi, mfumo wenyewe unaandika juu ya dirisha, kwa Kifaransa kwenye kompyuta nyingi za kwetu, kwamba programu haijibu. Kioo kinafifia kama taa inayoishiwa mafuta. Huenda nyuma kazi bado inaendelea vizuri kabisa. Lakini ajenti anaona maneno yale, anaona foleni imechoka, anaona mafuta ya jenereta yanapungua. Anaifunga kwa nguvu na kuanza upya.

Hapo ndipo orodha inaharibika. Ikiwa programu haikutunza mahali ilipofikia, majina mengine yanaingia mara mbili, na mengine hayaingii kabisa. Siku ya kugawa, familia moja inaambiwa, "Ninyi hamko kwenye orodha." Nyingine inaambiwa, "Ninyi ni wezi, mmejiandikisha mara mbili." Baba anasimama mbele ya majirani akiitwa mwizi, kumbe alijiandikisha mara moja tu. Aliyemwiba heshima yake ni kile kioo kilichonyamaza.

Wataalamu wenyewe walishalisema hili kabla vijana wengi wanaoshika kompyuta hizo hawajazaliwa. Mwaka 1985, Brad Myers, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, aliwapa wanafunzi wenzake 48 kazi ya kutafuta habari kwenye kompyuta, mara wakiona kipimo cha kazi inavyosonga mbele, mara bila kipimo. Asilimia 86 walisema wanakipenda kile kipimo. Mwaka 1993, Jakob Nielsen aliandika mipaka ambayo bado inafundishwa: mashine ikijibu ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu anaona imejibu papo hapo; ndani ya sekunde 1, mawazo yake hayakatiki; ikipita sekunde 10, mawazo yanamtoka, na lazima aonyeshwe kazi imefika wapi. Sekunde 10, ndugu zangu! Sisi tunaongea juu ya masaa.

Tunajua majibu tutakayopewa. Tuyachukue moja moja.

Watasema: "Kipimo hakiongezi mwendo wa mashine." Kweli, hakiongezi. Hata jiwe la kilomita kandokando ya barabara haliongezi mwendo wa lori. Lakini dereva anayeliona anajua kama atafika kabla ya giza au atafute pa kulala. Sisi hatukudai mwendo. Tulidai kujua.

Watasema: "Vipimo hivyo vinadanganya. Vinakimbia hadi asilimia 99, halafu vinakwama hapo." Hilo nalo ni kweli, na wengi wetu tumeliona tukinakili mafaili: kompyuta inasema dakika mbili, mara dakika arobaini, mara tena dakika tano. Lakini mtu akidanganya, dawa si kumkata ulimi. Ni kumtaka aseme anachokijua. Programu haiwezi kujua umeme na mtandao vitakuwaje baada ya nusu saa, basi isitabiri dakika. Inajua imeshaingiza majina 340 kati ya 1,200: iseme hivyo. Na ikiwa haijui jumla, iseme iko kwenye faili gani na imemaliza mangapi. Namba inayopanda ni ushahidi kwamba mashine ni hai. Kiduara kinachozunguka si ushahidi: kwenye programu nyingi kinaendelea kuzunguka hata kazi yenyewe ikiwa imeshakufa.

Watasema, na hili ndilo linalotuuma zaidi: "Watu hawa wamezoea kungoja." Nani aliwaambia? Watu waliolala njiani na watoto mgongoni hawakuzoea. Walilazimishwa. Waswahili wanasema subira huvuta heri, na sisi hatukatai. Ila subira ni ya mtu anayejua anachokingoja. Kumwacha mtu gizani kisha kumsifu kwa subira yake ni kumcheka.

Basi madai yetu kwa kila ofisi, kila shirika la kiutu, kila shule na kila benki inayoandikisha watu kwa kompyuta ni haya manne.

Kwanza, programu yoyote yenye kazi inayopita sekunde 10 ionyeshe namba: imemaliza ngapi kati ya ngapi, na iko kwenye hatua ipi, kusoma, kulinganisha, au kuchapisha. Liandikwe kwenye mkataba kabla pesa hazijatoka. Programu ikinyamaza siku ya kujaribiwa, isipokelewe.

Pili, kazi itunzwe kidogo kidogo. Hapa kwetu kukatika kwa umeme si ajali, ni desturi. Programu inayongoja mpaka jina la mwisho ndipo itunze yote imeandikwa na mtu asiyejua itatumika wapi. Ikiwa umeme umekatika kwenye jina la 800, ukirudi ianze kwenye la 801.

Tatu, kiwepo kitufe cha kusimamisha kazi kwa usalama. Ajenti mwenye mlango wa kutokea hatavunja ukuta.

Nne, na hili walioandika vitabu vya kompyuta hawakulifikiria sana: mwenye kutumia mashine si yule tu aliyekaa mbele yake. Ni foleni nzima iliyo nje ya hema, na foleni haioni kioo. Kipimo kizuri kuliko vyote, kikibaki machoni pa ajenti peke yake, hakijatimiza kazi. Kila robo saa ajenti asimame mlangoni, atangaze kwa Kiswahili na kwa lugha ya watu walio pale: tumefika wapi, yamebaki mangapi, wa namba fulani hadi fulani wanaweza kwenda na kurudi mchana. Hilo halihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo wala bajeti mpya. Linahitaji mtu anayewaona watu kuwa watu.

Hatuwalaumu maajenti. Wengi wao ni vijana wetu wenyewe, wenye mkataba mfupi, wanaotukanwa na foleni kwa kosa ambalo si lao. Kompyuta ikisema imefika wapi, nao wanapata cha kuwajibu watu. Lawama yetu inapanda juu zaidi, kwa anayesaini risiti ya programu akiwa kwenye ofisi yenye kiyoyozi, ambaye siku zake mwenyewe hazihesabiwi kwa bidoni.

Ninyi mlio kambini, msiogope kuuliza. Kuuliza kwa heshima si ujeuri. Muwe na kiongozi mmoja wa foleni, aulize kwa niaba ya wote maswali matatu: Mmefika majina mangapi? Yamebaki mangapi? Umeme ukikatika sasa hivi, jina langu liko wapi? Ofisi inayoweza kujibu hayo matatu inafanya kazi. Isiyoweza, iandikeni: siku, saa na mahali, na mtuletee. Tutaisoma hewani.